Tulichozika Badala ya Luc

Mbunge aliposema atayafukua makaburi yetu, sisi tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga. Nilimtupia jicho mume wangu Marcellin, naye alikuwa akipiga yake polepole, macho chini, kama mtu anayekung'uta unga viganjani. Hakuna aliyefungua kinywa. Kila mmoja alidhani mwenzake atasema, na mwenzake alidhani hivyo hivyo, na mgeni akapanda gari lake akaenda zake na furaha tele.

Jina lake Benoît. Kwetu mbunge huitwa Honorable hata kama hana cha heshima, lakini huyu alikuwa nacho. Alikuja mpaka kijijini kwetu upande wa Walikale, pale milima ya Masisi inapoteremka na kuingia msituni, kwa barabara ambayo wenzake huiona kwenye ramani tu. Alifika na tope hadi magotini. Akakataa kiti cha mbele, akaketi nasi kwenye benchi la kanisa, akala sombe yetu ya majani ya muhogo na kuomba aongezewe. Nilimpenda, na mimi si mwepesi wa kupenda watu wa siasa.

Shida yake alitueleza waziwazi.

"Ba mama, ba papa," alisema, "ile tribinali ya Ulaya iko mbali, na inashika bantu kidogo sana. Vita ya zamani haigusi. Zingine zinakuyaka, zinafanya kazi, kisha zinafungwa, ba juge, ba hakimu, banarudia kwabo. Miye natafuta ingine. Tribinali ya mataifa yote, yenye haitafungwa hata siku moja, na itaikala hapa kwetu. Muntu aliyeua zamani ao leo, ajue iko pale."

Ili azimio lake la kuomba mahakama hiyo lipite bungeni alihitaji wenzake wengi wamuunge mkono, na waliomuunga walikuwa wa kuhesabika. Wengine walimcheka mchana kweupe. Walimwambia watu wa Kivu hupenda kutia chumvi, wakamuuliza swali lile lile kila mara: hao wafu wenu wako wapi?

Basi tukamwonyesha. Nyuma ya kanisa kuna safu ya misalaba, yote ya mti mmoja na kimo kimoja. Honorable Benoît alivua kofia, akatembea akigusa msalaba mmoja mmoja, na alipofika mwisho alikuwa analia bila kujificha. Ndipo alipogeuka akatuambia ataleta wataalamu wa mifupa na watu wa televisheni, makaburi yafunguliwe, mifupa ioneshwe Kinshasa nzima, na wale wanaomcheka wafunge midomo. Nasi tukapiga makofi, wajinga sisi.

Maana katika ile safu, kuna makaburi yasiyo na mtu.

Watu wa bunduki walitujia siku ya soko, miaka kadhaa iliyopita. Waliua, wakachoma nyumba, kisha wakakusanya vijana wabebe mizigo ya vitu walivyotupora. Mwanangu Luc alikuwa mmoja wao. Wiki ile ile alikuwa amefaulu mtihani wa serikali, tulimmwagia poda kichwani, kama kwetu wafanyiwavyo waliofaulu, uwanja mzima ukanukia, akakataa kuoga siku mbili ili watu waendelee kumwona msomi. Walimpakia gunia la mchele mgongoni, wakaingia naye msituni. Waliouawa kijijini tuliwazika. Waliobebeshwa mizigo hawakurudi.

Mimi ni Mhunde wa Bihambwe, nimelelewa kwenye maharage na rozari. Marcellin ni mtu wa msitu, na watu wake wana namna yao. Mtu akipotea, akangojwa mpaka wakubwa wa ukoo wakaona imetosha, hukatwa mgomba wa kimo chake. Huoshwa, huvikwa nguo zake, huitwa kwa jina lake na kuliliwa kilio kamili, kisha huzikwa. Udongo ukishaufunika, si mgomba tena, ni yeye. Kuanzia hapo neno mgomba halitajwi kabisa, si na mama yake, si na mlevi. Anayelitaja anamtoa marehemu nje ya nyumba yake. Ndiyo sababu misalaba yote ilifanywa sawa, ili asiwepo mama wa kuambiwa kwamba wa kwake ni nusu.

Mwanzoni niliona ni mambo ya kishenzi, na nilisema hivyo, tena kwa sauti. Halafu dada yake Marcellin, Joséphine-Marie, ambaye ndiye aliyeongoza mazishi, akanipa shati jeupe la shule la Luc nilifunge vifungo. Nilifika kifungo cha tatu, cha nne kikanishinda. Nililia siku ile mpaka machozi yakaisha. Tangu hapo nikawa nalala, nikawa nakula, na nikipita nyuma ya kanisa nilimsalimu mwanangu na kumwambia habari za kijiji. Sikuwa na furaha, lakini nilikuwa na mahali pa kumwendea.

Wageni walipoondoka, tulikusanyika jikoni kwa Joséphine-Marie: yeye, Marcellin, mimi, na Sylvain, mwenyekiti wa familia za waliouawa. Sylvain alikuwa anatokwa jasho.

"Tumuambie tu ya kama desturi inakataa kuchimba," alisema.

"Na wenye kumucheka bataseme nini?" nikamuuliza. "Bataseme tunaficha. Miye mwenyewe ningesema vile."

"Basi tumuonyeshe yale yenye... yale ingine."

"Ukisha kumuonyesha yale ingine, si umesema yote?"

Joséphine-Marie alikuwa akipalia moto ambao haukuhitaji kupaliwa.

"Tutafunga kinywa," alisema. "Bakikuya, bakikuya. Mungu iko."

Hapo nilipandwa na hasira. Mungu yupo, lakini na kamera pia zitakuwepo! Kilichomo huoza upesi. Watakachokuta ni mashati bila mifupa. Kinshasa nzima itaona shati la mwanangu limeinuliwa kwa koleo na chini yake udongo mtupu, na watasema tulizika nguo ili tuwadanganye wazungu. Honorable Benoît atachekwa mpaka astaafu. Na hata wale waliozikwa kweli, nani atawaamini tena? Mahakama ile itakufa kabla haijazaliwa, na sisi ndio tutakuwa tumeiua, kwa adabu zetu. Niliyasema haya yote jikoni humo, bila kulitaja lile neno, na bado waliniangalia kana kwamba nimelitaja.

"Mama Luc," Marcellin aliniambia, "mutoto analala. Umuache alale."

Nilimpenda kwa maneno hayo, na papo hapo nilitamani kumrushia sufuria.

Nilijua Honorable angefanya mkutano mkubwa Masisi kabla ya kurudi bungeni. Nikamwambia Marcellin nakwenda Bihambwe kwa ndugu zangu kuangalia maharage. Hajawahi kuwa mpumbavu, mume wangu. Alichukua koti lake la mvua, lile zito, akanivika, akanifunga vishikizo mpaka shingoni. Nikapanda pikipiki.

Nilikuwa na mpango mzuri. Ningemvuta Honorable kando, nimnong'oneze, aghairi kimya kimya, na hakuna ambaye angejua zaidi yake. Njia nzima nilitafuta namna ya kulisema bila kulisema. Tulipopita malisho ya Bihambwe sikugeuza hata shingo kutazama kwetu.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Walikuwepo machifu, walimu, wakulima, wafugaji wa Nyamitaba na fimbo zao, na mbele kabisa wale wa televisheni na nyaya zao. Nilipenya ubavuni, nikamkaribia Honorable, nikagusa mkono wake. Aligeuka, uso ukamng'aa.

"Huyu njo mama nilikuwa nasema!" alitangaza kwenye kipaza sauti kabla sijatoa hata salamu. "Mutoto wake analala Walikale, nyuma ya kanisa. Nilishika musalaba wake na mukono hii. Ba specialiste banakuya, tutafungua, na ile mifupa itasema mbele ya bunge! Mama, ambia bantu."

Akanipa kipaza sauti.

Watu walipiga makofi. Yalikuwa makofi yale yale ya kwetu, na nikaona kabisa kwamba nikitabasamu na kusema asanti, nitarudi nyumbani na mwanangu akiwa bado amelala mahali pake, angalau mpaka siku ya makoleo. Niliitaka hiyo asanti. Ilikuwa imefika ulimini.

"Honorable, usichimbe," nilisema. "Mu kaburi ya Luc hamuna mifupa. Muko mugomba."

Nilisikia neno lenyewe likirudi kutoka spika za nyuma.

"Balimubeba na muzigo, hatukumuona tena. Mama mwenye hana maiti afanye nini? Kwa bwana yangu banakata mugomba, banauvalisha, banauzika na jina ya mutoto. Si uongo. Tulilia kweli. Lakini ukichimba, utapata chemise, shati tu, na bantu batasema tulikudanganya. Wengine mule beko kweli. Wangu haiko."

Nyuma kabisa mwanaume mmoja alicheka. "Mugomba!" alisema, na wawili watatu wakacheka naye. Honorable Benoît alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Mwenye kamera alimtazama mwenzake amwambie aendelee ama azime. Nami nilisimama pale na koti la mume wangu, nikawaza kwamba nimefanya kazi ya siku moja iliyoshinda ya wale wa bunduki: nimemtoa mwanangu kaburini, na nimeizika mahakama.

Kisha mwanamke mmoja akainuka upande wa wafugaji. Baadaye niliambiwa anaitwa Mukankusi, wa Nyamitaba. Watu wake na watu wangu wameumizana sana katika milima hii, na sitajifanya kwamba tunapendana. Kama ningemkuta sokoni ningekwenda kwa muuza maziwa mwingine. Alikuwa mrefu, amejifunga kitenge cha kijani, na hakumwangalia aliyecheka.

"Mama," aliniuliza, "na mutoto haiko, urefu yake mulipima na nini?"

Sikutegemea swali hilo. Hakuna aliyewahi kuniuliza, hata padri.

"Na miye," nilimjibu. "Nilisimama, shangazi yake akaweka alama. Alikuwa ananipita hapa."

Nikainua mkono juu ya kichwa changu, pale utosi wa Luc ulipokuwa ukifika aliposimama karibu nami kunitania kwamba nimeanza kukua kwenda chini. Nikauacha mkono hapo hewani. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Aksanti," alisema Mukankusi. "Bwana yangu balimubeba na ng'ombe zetu. Shiye hatukuzika kitu. Hatukujuaka kama inawezekana." Akaketi, na wanawake waliokuwa karibu naye wakamshika mabegani.

Honorable Benoît alisimama bila kipaza sauti. Alisema kwamba yeye alitafuta mifupa kwa sababu amechoka kuchekwa, na sasa anaona haya. Akauliza ni nani mwingine humu ana mtu aliyebebwa na hakurudi. Mikono ilianza kupanda, huku mmoja, kule miwili, ya Wahunde, ya wafugaji, ya wanafunzi, ya chifu mmoja mzee sana ambaye ilibidi ainuliwe wake na mjukuu. Mwenye kamera hakuhitaji tena kuambiwa. Honorable aliitazama ile mikono.

"Sitachimba," alisema. "Nitabeba hii. Bakiniuliza bale baliokufa beko wapi, nitabauliza batufanyie tribinali yenye itauliza bale baliobabeba. Bale njo banajua." Kisha akanigeukia. "Mama Luc, nikisema maneno yako kule Kinshasa, unaniruhusu?"

Nilimruhusu. Ningemkataliaje, neno lilikuwa limeshatoka.

Nilirudi Walikale kesho yake, na redio ilikuwa imenitangulia. Sikuwakuta watu njiani, wote walikuwa na shughuli ndani ya nyumba zao. Mlangoni kwangu nilikuta msalaba wa Luc umeng'olewa na kulazwa chini, na Joséphine-Marie ameketi kando yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, tena nilikuwa na majibu mazuri ya kumrudishia, lakini nilikuta macho yamemvimba.

"Umemutosha mu kaburi yake," aliniambia. "Sasa Luc haiko mufu, haiko muzima. Na hatutaweza kumuzika mara ingine mupaka tujue kwenye alibakia. Desturi inakataa. Geneviève, ulijua ile?"

Sikujua. Mimi wa rozari, ningejua wapi? Nilijua kwamba nitamwondolea kaburi. Sikujua kwamba nitajirudishia tumaini, na kama kuna ugonjwa mbaya kuliko huo sijauona. Joséphine-Marie alinishika mkono na tukakaa pale chini, mawifi wawili ambao hatujawahi kupatana hata juu ya chumvi ya mboga.

Siku zilizofuata niliteseka. Kijana yeyote mwenye mabega mapana akipita njiani, nilitoka. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, niliipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilianza kumpigia hesabu za ajabu: sasa ana ndevu, labda ana mke huko, labda wamemsahaulisha jina lake. Nilikuwa nimeshapona hayo yote. Nilijichukia, kisha nikaikumbuka ile mikono pale Masisi nikaacha kujichukia, kisha nikaanza upya. Marcellin hakunilaumu hata mara moja. Hakuzungumza pia. Asubuhi alikwenda shamba, jioni alirudi, akala, akalala amenipa mgongo. Nilitamani anitukane tu yaishe.

Honorable Benoît alipiga simu siku ya Jumamosi, mchana, tukiwa uani na Marcellin tunamenya mihogo. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala sana. Alisema ameongea bungeni. Amewaeleza juu ya mgomba, na juu ya mkono wangu ulivyosimama pale juu ya kichwa changu, na hakuna aliyecheka, na wawili kati ya wale waliokuwa wakimcheka sana walimfuata nje na kumwambia wanamuunga mkono. Bado hawatoshi, alisema. Itachukua kikao kingine, pengine viwili, pengine zaidi. Lakini sasa wanaongezeka. Nilimwambia asante, na nilimaanisha. Nilifurahi kweli, Mungu anajua.

"Iko kitu moja, Mama Luc," akaendelea. "Tunatia majina mu azimio, kusudi bajue ni bantu, si hesabu. Kwa Luc niandike nini? Amekufa, ao amepotea?"

Nikisema amekufa, nilikuwa nimekwisha kulikana kaburi lake mbele ya ukumbi mzima. Nikisema amepotea, ni kama kalamu au mbuzi. Nilimpa Marcellin simu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya nayo.

Marcellin aliomba swali lirudiwe. Alisikiliza. Huyu ndiye aliyeuchagua ule mgomba shambani kwake mwenyewe, akaubeba begani, akachimba shimo na kukataa kusaidiwa. Aliweka kisu chini, akafuta mkono mmoja kwenye suruali, kisha na wa pili.

"Andika tunamungoja," alisema. "Andika vile, Honorable. Baba na mama."

Akanirudishia simu, akasogeza kiti chake karibu na changu, akachukua muhogo mwingine.